Unataka kuwa injinia wa mabwawa na skimu za umwagiliaji? Anzia kwenye udongo

Vijana wengi wanaingia sivil, yaani uhandisi wa ujenzi, wakiwa na maghorofa na barabara kichwani, mambo ya maji yanakuja kama kozi ya kupita tu, wanafanya mtihani wanafaulu wanasahau. Haya naandika kwa yule ambaye ameshaona tuta la bwawa au mfereji mkubwa unapeleka maji shambani akajiuliza hii kitu wameijengaje, akatamani awe yeye. Ni kazi nzuri mno na ni ngumu, na inatofautiana na sivil zingine kwa jambo moja: siku mnayokabidhi mradi ndo siku maji yanaanza kuukagua, yanakagua usiku na mchana miaka na miaka, na yakikuta sehemu moja tu mliyoshindilia vibaya yatapita hapo hapo. Kwahiyo karibu kila ushauri utakaousoma humu unarudi kwenye jambo hilo, jifunze udongo na maji kwa mikono yako kwanza, kuchora kwenye kompyuta utajifunza tu, tena haraka.

Shule kwanza. Shahada ya uhandisi wa ujenzi au wa rasilimali za maji inachukua miaka minne mpaka mitano kutegemea na nchi, na kama ulipitia diploma ya fundi sanifu usijione umechelewa, mafundi sanifu wengi wakija kusoma digrii wanawaacha mbali wenzao maana wameshashika levo, wameshapima udongo, wanajua zege linavyokaa. Cha kuangalia ni kama chuo kinatambuliwa na bodi ya usajili wa wahandisi ya nchi yako, na kama una mawazo ya kwenda kufanya kazi nje angalia pia kama nchi ipo kwenye Washington Accord, makubaliano ya mwaka 1989 ambayo yanafanya digrii ya uhandisi ya nchi moja ikubalike nchi nyingine. Hili watu wanaligundua wameshamaliza, kulirekebisha inakuwa kazi.

Masomo ya kukazania ni mekanika ya udongo, haidroliki, haidrolojia, jiolojia na upimaji. Jiolojia ndo watu wanaidharau, na mi nakuomba usiidharau kabisa. Kule Ufaransa kulikuwa na bwawa la Malpasset, ukuta mwembamba wa zege uliopinda kama upinde, zege lenyewe halikuwa na tatizo, ila usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 mwamba wa upande wa kushoto ulisukumwa ukaachia na ukuta ukaondoka nao, watu zaidi ya 400 wakafa. Italia nao wana Vajont, pale tarehe 9 Oktoba 1963 upande mzima wa mlima uliporomokea ndani ya ziwa la bwawa, maji yakaruka juu ya ukuta yakafuta vijiji bondeni, watu karibu 2000, na ukuta wenyewe upo mpaka leo umesimama! Mosul kule Iraki wamejenga juu ya miamba yenye jasi inayoyeyuka kwenye maji, tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakipiga grauti chini ya bwawa, yaani kusukuma uji wa saruji kwenye nyufa za mwamba. Ukisoma jiolojia ukiwa na hayo kichwani hutasinzia darasani.

Haidroliki nayo isome kwa namba zako mwenyewe. Chukua mfereji wa udongo, chini upana mita 1, kina cha maji mita 0.6, kingo zimelala mita moja na nusu kwa kila mita moja ya kupanda, mteremko sentimita 50 kwa kila kilomita. Piga kwa mkono fomula ya Manning, ile ya kukadiria maji yanayopita kwenye mfereji, na ukwaruzo wa mfereji wa udongo uliosafishwa, ile n, weka 0.025, utapata kama lita 516 kwa sekunde. Sasa acha majani yaote mpaka n ifike 0.05, mfereji ule ule unabeba lita 258 tu, nusu imepotea na hamna mtu aliyegusa mchoro. Alafu rudi shambani, tuseme zao linakunywa milimita 6 kwa siku, milimita moja kwenye hekta moja ni mita za ujazo 10, kwahiyo ni mita za ujazo 60 kwa hekta kwa siku, ukigawa kwa sekunde 86,400 unapata kama lita 0.7 kwa sekunde kwa hekta, na kama nusu ya maji inapotea njiani na shambani unahitaji lita 1.4. Maana yake ule mfereji msafi unalisha kama hekta 370, wenye majani hekta 185, na hiyo ni kama wakulima wanamwagilia masaa 24. Wakimwagilia mchana tu masaa 12 lazima mfereji ubebe mara mbili au ujenge bwawa dogo la kutunza maji ya usiku. Hesabu hii ni fupi ila ndani yake kuna sababu ya skimu nyingi kushindwa kufikisha maji mwisho wa mfereji, na mwanafunzi anayeweza kuieleza kwenye intavyuu bila kushika simu anakumbukwa.

Sasa field, ile ya likizo. Watu wanakimbilia ofisi yenye kiyoyozi, wanakaa miezi miwili wanatoa fotokopi. Wewe omba saiti, na kama kuna saiti ya tuta la udongo omba hiyo hiyo, tena omba wakuweke maabara ya udongo wiki za mwanzo. Kwenye maabara utajua vitu ambavyo kitabu kinavisema kwa ukurasa mmoja. Utafanya testi ya Proctor, ile aliyoitoa Ralph Proctor mwaka 1933 akiwa kwenye kazi za mabwawa kule California, unagonga udongo kwa nyundo kwenye kopo ukibadilisha maji kidogo kidogo mpaka uone ni unyevu gani unaufanya udongo ushikane kuliko wote. Ukishaifanya mara nyingi unaanza kuujua udongo ukiufinya mkononi, ukiwa mkavu donge linapasuka pasuka, ukizidi maji unateleza na kuacha utelezi kiganjani, na ukiwa sawa donge linashikana vizuri na ukilivunja linavunjika vipande vichache. Mafundi wazoefu wa saiti wanalijua hilo kuliko injinia mwenye digrii mbili, kaa nao karibu, waulize, wasalimie kwa heshima zao, umri wao kwenye udongo ni mkubwa kuliko wako.

Kuna testi nyingine ya kijinga kwa kuiangalia lakini imeokoa miradi. Chukua kadonge ka udongo wa mfinyanzi unaotaka kujengea, kasikauke sana, kadondoshe kwenye glasi ya maji ya betri, yale safi ya kuongezea sio asidi, alafu tulia dakika kadhaa. Kakibomoka tu kakalala chini sio neno, ila ukiona wingu kama la maziwa linasambaa kwenye maji hata kama hujatikisa, huo ni mfinyanzi unaojitawanya, maji yakipata ufa mdogo ndani yake yatausomba chembe kwa chembe. Udongo huo kwa macho ni mfinyanzi mzuri tu, mwekundu au wa kijivu, na testi za kawaida za maabara zinaupitisha. Ukiuona simamisha, peleka sampuli ifanyiwe testi kamili.

Ukiajiriwa, miaka mitatu minne ya kwanza ndo inaamua utakuwa injinia wa aina gani. Kuna pande tatu za kukaa, kwa mkandarasi, kwa mshauri, au kwa mwenye mradi ambaye mara nyingi ni serikali au mamlaka ya bonde. Mi nasema anza kwa mkandarasi au kwenye usimamizi wa saiti, usanifu uje baadaye, maana anayechora tuta bila kuwahi kusimama juu ya tabaka lenye tope huwa anachora vitu visivyojengeka. Na usidharau mabwawa madogo. Kwenye mradi mkubwa sana unaweza kukaa miaka miwili unahesabu matundu ya grauti na hujui kingine, ila kwenye bwawa la mita 12 wewe mwenyewe utasimamia upimaji, machimbo ya udongo, msingi, tuta, bomba la kutolea maji, utoro wa maji yaani njia ya kumwaga maji ya mafuriko yanayozidi, mpaka malipo ya vibarua. ICOLD, ile tume ya kimataifa ya mabwawa makubwa iliyoanzishwa 1928, wanahesabu bwawa kubwa kuanzia mita 15, au mita 5 hadi 15 likiwa na maji zaidi ya mita za ujazo milioni 3, lakini lililo chini ya hapo likikatika linaua vile vile, na ndo hayo ambayo mara nyingi hayana injinia wa maana.

Ukiwa juu ya tuta hivi ndo vitu vya kukaa navyo macho. Tabaka liwe jembamba, sentimita 20 hivi kabla ya rola, na mkandarasi atajaribu kukuwekea 40 hasa jioni au mvua ikikaribia, akikuambia rola yake ni nzito itafika chini. Haifiki. Juu utapima utakuta sawa, chini kuna udongo laini uliofunikwa, na maji yatalala pale pale. Kila tabaka likwanguliwe kabla ya linalofuata ili yashikane. Sehemu mbaya kuliko zote ni pembeni ya bomba linalopita chini ya tuta, rola haiwezi kukaribia kwahiyo inabidi kushindilia kwa mashine ndogo ya mkono, tabaka jembamba zaidi, unyevu sahihi, na wewe mwenyewe uwepo, usimwachie mtu, usiende kula. Na upande wa tuta maji yanakotokea bomba lizungushiwe mchanga wa filta ili maji yakipenya yatoke bila kubeba udongo.

Hiyo filta ndo roho ya bwawa la udongo na watu wanaichukulia kama mchanga wa kawaida. Kanuni ya Terzaghi, baba wa mekanika ya udongo, ni rahisi kuikumbuka: ukichekecha mchanga wa filta, saizi ile ambayo asilimia 15 ya mchanga ni ndogo kuliko yenyewe isizidi mara nne mpaka tano ya saizi ambayo asilimia 85 ya udongo unaolindwa ni ndogo kuliko yenyewe. Hapo chembe za udongo haziwezi kupenya kwenye matundu ya mchanga ila maji yanapita. Mchanga uwe msafi, ukiwa na vumbi jingi unagandamana na ukigandamana unaweza kupasuka kama udongo wenyewe. Teton kule Idaho, Marekani, tuta la kama mita 93, walikuwa wanalijaza kwa mara ya kwanza, asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976 wakaona maji ya tope yanachuruzika, kabla ya saa sita mchana tuta limeshakatika, watu 11 wakafa. Kiini kilikuwa cha udongo laini uliosombwa na upepo, unaomomonyoka upesi, umewekwa juu ya mwamba wenye nyufa ambazo hazikuzibwa vya kutosha, na hapakuwa na filta ya kuushika. Ripoti yake ya uchunguzi ipo wazi, isome yote.

Utoro wa maji nao. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake halidumu, ni masaa tu, Banqiao kule China Agosti 1975 liliondoka hivyo baada ya mvua za kimbunga kuzidi kila kilichokuwa kimesanifiwa. Ukisikia mtu anasema tumesanifu kwa mafuriko ya miaka 100 kwahiyo tuko salama miaka 100, mrekebishe kwa upole: mafuriko hayo yana asilimia 1 kila mwaka, na ndani ya miaka 50 uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni kama asilimia 40. Ndo maana bwawa lenye watu chini yake linasanifiwa kwa mafuriko makubwa zaidi ya hayo, mara nyingi ya miaka 10,000 au makubwa kabisa yanayowezekana. Na kabla hujaamini programu nenda ukawaulize watu wanaoishi mtoni maji yaliwahi kufika wapi, watakuonyesha mti, jiwe, ukuta, chukua levo upime hapo, data hiyo huipati kwenye intaneti. Hata utoro wenyewe ukiwepo uangalie sakafu yake, Oroville, Marekani, Februari 2017 sakafu ya utoro ilipasuka ikachimbika na watu zaidi ya 180,000 wakahamishwa.

Kwa upande wa zege sitakaa sana, vitabu ni vingi. Jua tu kwamba zege kubwa linatengeneza joto ndani na likipoa vibaya linapasuka, bwawa la Hoover kule Marekani walimwaga kwa vipande na kupitisha mabomba ya maji ya baridi ndani yake.

Kompyuta sasa. QGIS ya ramani, HEC-RAS na HEC-HMS za mito na mafuriko, EPANET ya mabomba na CROPWAT ya FAO ya maji ya mazao zote ni za bure, hamna kisingizio. AutoCAD au Civil 3D utaikuta kazini. Jifunze moja ukiwa na tatizo la kweli mkononi, chukua bonde unalolijua, pakua ramani ya miinuko, chora mpaka wa bonde, kadiria mafuriko, alafu nenda ukaone kama yanafanana na alama zilizopo mtoni. Hiyo ripoti ya kurasa kumi ni bora kuliko vyeti vitano vya kozi za mtandaoni.

Umwagiliaji una upande ambao mabwawa hayana sana, nao ni watu kila siku. Wa kichwani mwa mfereji wanachukua wanavyotaka na wa mkiani wanasubiri, na ugomvi huo unaanzia kwenye mchoro wako. Vigawa maji vyenye mageti mengi ya kurekebisha vinapendeza kwenye karatasi ila vinahitaji mtu wa kuaminika kila geti, kigawa maji cha uwiano kisicho na geti kinagawa chenyewe kila mtu akiona kwa macho, na mi napenda hicho kwenye skimu za wakulima wadogo. Kaa na wakulima kabla ya kuchora, tembea na wa mkiani hasa, maana mikutanoni wanaoongea mara nyingi ni wa kichwani. Usisahau mifereji ya kutoa maji shambani, inakatwa kwenye bajeti kila mara alafu chumvi inapanda na ardhi inakufa. Na maji yaliyosimama yenye majani yanafuga konokono wa kichocho na mbu, kwahiyo mfereji usiotuama, usio na madimbwi chini ya vivuko, unaokauka ukifungwa, ni dawa ya watu pia.

Usajili usiuahirishe. Nchi nyingi unaanza kama injinia mhitimu, unafanya kazi chini ya injinia aliyesajiliwa miaka mitatu minne, unaandika kila ulichofanya kwenye kitabu cha kumbukumbu, alafu unahojiwa. Andika kila wiki, usisubiri mwisho ukaanza kukumbuka. Andika ulichoamua wewe na kwa nini, "nilisimamia ujenzi wa tuta" haimwambii mhoji kitu, ila "nilikataa tabaka kati ya sehemu fulani na fulani kwa sababu unyevu ulizidi kwa asilimia 3, likachimbuliwa likakaushwa likawekwa upya" inamwambia wewe ni nani.

Ukishasajiliwa sahihi yako inakuwa na thamani na watu wataitafuta. Utaletewa cheti cha tabaka ambalo halijapimwa, utaambiwa mvua inakuja, malipo yanachelewa, bosi ameshakubali. Usisaini. Andika barua siku hiyo hiyo, fupi, bila matusi, sema umeona nini na unataka nini kifanyike, weka nakala. Kuna watu wamelala chini ya lile tuta wakiamini kuna mtu aliangalia, na huyo mtu ni wewe, hilo kwangu halina mjadala.

Kujaza mara ya kwanza ndo kipindi cha hatari kuliko vyote, ongeza maji polepole, simama kila hatua, soma pizomita, vile vipima shinikizo la maji ndani ya tuta, na weka kizuizi cha pembe ya V chini ya tuta upime maji yanayopenya. Kwa V ya nyuzi 90 maji yakipanda sentimita 10 juu ya ncha ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Maji kupenya kidogo ni kawaida kwa kila tuta, unachofuatilia ni yanaongezeka bila ziwa kupanda? Na rangi yake je? Yakiwa maangavu endelea kupima, yakigeuka tope piga simu watu wahame kwanza, maelezo baadaye.

Masta mi naona uisome baada ya miaka miwili mitatu ya saiti, utakuwa unajua unachotafuta, chagua jiotekniki au haidrolojia. Na kazi ipo, sio kwenye mapya tu, dunia imejaa mabwawa yaliyojengwa katikati ya karne iliyopita, yanajaa mashapo, mageti yameliwa na kutu, michoro yake imepotea, na yanahitaji watu wa kuyakagua na kuyaimarisha. Maisha ya kambini ni ya mbali na nyumbani kwa miezi, zungumzeni na mwenzako kabla hujasaini mkataba, na wadada msikubali kuwekwa ofisini eti saiti ngumu, daini nafasi yenu juu ya tuta kama wengine.

Kama uko chuo mwaka wa pili au wa tatu, barua ya kuomba field iandike miezi minne kabla, nusu ukurasa, taja mradi kwa jina na kazi inayoendelea pale, sema unaomba maabara ya udongo au usimamizi wa tuta. Wakikukubalia nenda na buti, kofia ngumu, daftari la jalada gumu, penseli maana wino unalowa, tepu ya mita tano, na kachupa ka maji ya betri.